Siku Nilipong'oa Kitambaa Chekundu

Aibu yangu naijua, msinifichie. Ukishuka Birere, hapa Goma, ukamuuliza dereva yeyote wa moto, zile pikipiki za abiria, kama anamfahamu yule mbunge wa mkoa mfupi anayependa kuvaa vizuri, atacheka kwanza, halafu atakuambia, “Aah, Honorable Kalesoni.” Jina la baba yangu limekwisha, la ubatizo limekwisha, limebaki la nguo ya ndani. Leo nawaeleza lilivyozaliwa, kwa sababu watu hueleza habari ya suruali wakaishia hapo, na suruali siyo inayonisumbua.

Ilikuwa enzi mkoa bado una bunge lake, na sisi tuko likizo, lakini likizo ya mbunge si ya kulala, unatakiwa ushuke kwa watu waliokuchagua, usikilize matatizo yao, kisha uyapandishe bungeni. Watu wa avenue moja, mtaa mdogo upande wa Keshero, kule nyumba za mbao zimekaa juu ya mawe meusi ya volkano, walikuwa wameomba nifike. Justin, msaidizi wangu (mpiga picha, dereva na mshauri mbaya, yote kwa mshahara mmoja), akaniambia hao wana shida ya maji. Nikamjibu hotuba ya maji ninayo kichwani.

Sasa, kabla ya hapo, mwenzangu mmoja wa chama kingine alikuwa amepigwa picha amekaa juu ya bidoni la njano la kuchotea maji katikati ya akina mama, na ile picha ikazunguka kwenye simu zote za Goma, watu wakasema ona mtu asiyejikweza. Iliniuma, sidanganyi. Njiani nikamwambia Justin, yeye alikaa juu ya bidoni, mimi nitakaa chini kabisa, kwenye majani, tuone nani anajishusha zaidi. Justin akasema ni wazo zuri sana (ndiyo maana nasema mshauri mbaya).

Kwetu mgeni mkubwa akifika kwenye avenue, anapita kwanza kwa chef, mkuu wa avenue, anapewa kiti, anaulizwa habari, anaambiwa kama kuna kilio. Mimi nilikuwa nimechelewa, na mchana nilikuwa na mwaliko Himbi, kwenye meza zenye vitambaa vyeupe, kwa hiyo nikamsalimu muzee Balume, chef wa avenue, huku natembea. “Muzee, mukutano iko wapi?” Akafungua mdomo anijibu, mimi nimeshampita.

Watu walikuwa wamesimama juu ya mawe, wengi, na wote kimya. Asubuhi yenyewe ilikuwa nzito, mawingu yamekaa chini, volkano haionekani, hakuna upepo hata wa kutikisa kanga. Mbele yao kulikuwa na bonde dogo, shimo pana tu katikati ya mawe, kina chake kinamfika mtu mzima kifuani, na ndani yake majani mabichi mazuri ambayo sijayaona mahali pengine pale. Njia ya miguu ya kwenda ziwani ilikatiza humohumo. Kando ya njia mbuzi mmoja alikuwa amelala. Katikati kabisa kulikuwa na fimbo imechomekwa, na juu ya fimbo kitambaa chekundu.

Nyekundu ilikuwa rangi ya chama cha yule wa bidoni.

Hapo ndipo nilipokosea, jamani, hapohapo, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye picha, nikaona huyu bwana amenitangulia kuweka bendera yake, yaani nikae chini nijishushe halafu rangi yake inapepea nyuma yangu (haikuwa hata inapepea, ilikuwa imening'inia tu). Nikashuka nikaing'oa, nikaitupa huko kwenye mawe. Juu ikasikika sauti moja, si kelele, ni watu wote kuvuta pumzi kwa pamoja, nami nikajisemea, kumbe wafuasi wake ni wengi hivi.

Muzee Balume akaja mpaka ukingoni. “Honorable, hapo batu habaikalaka.”

Nikadhani ni heshima. Kwetu mkubwa haachiwi akae chini, lazima watu wamkatalie, na yeye lazima akatae kukataliwa, ndiyo desturi. Nikashika megafoni nikajibu kila mtu asikie: “Muzee, acha heshima mingi. Mie niko mutoto wenu, nitaikala chini.”

“Honorable, naomba kusema kidogo.”

“Hiyo ni motion de procédure? Imekataliwa, muzee. Kila mutu atasema saa yake ikifika.”

Bungeni utani ule ulikuwa unachekesha kila mara, maana mimi ndiye nilikuwa bingwa wa kuwakatiza wenzangu kwa motion, ile hoja ya utaratibu. Pale hakucheka mtu. Muzee aliendelea kusema, nikawa naona midomo yake inakwenda, lakini megafoni ilikuwa kwangu. Nikakunja miguu nikaketi kwenye majani na suruali yangu mpya, Justin juu anatafuta pembe nzuri ya picha.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hapakuwa na nzi. Mbuzi amelala hatua chache kutoka kwangu, mdomo wazi, na hana nzi hata mmoja, na kwenye majani hakuna panzi wala chungu, kimya tu. Nikasema kwenye megafoni, “Muone, hata mbuzi amekuya kusikiliza, amelala sawa badeputé benzangu kule bungeni.” Mzee mmoja akavua kofia. Puani nikaanza kusikia kitu kinachoma, vile unavyokunywa soda haraka ikapanda puani, na mwili ukawa na joto, nikafikiri ni aibu ya utani ulioanguka.

Halafu nikamwona mtoto. Msichana mdogo, ameketi kati yangu na mbuzi, magoti ameyakumbatia, bidoni dogo mbele yake. Sikumwona akishuka. Alinitazama, si kwa woga wala kwa furaha, akasogea kidogo upande wa mbuzi kunipa nafasi. Nami, mbunge wa watu, nikanyoosha mkono nimshike kichwa, nikasema na megafoni yangu avenue nzima isikie: “Na muone huyu mutoto! Amekuya kuikala na Honorable yake. Amenipisha fasi.”

Pale juu mama mmoja akakaa chini kwenye mawe, mikono kichwani. Watu hawakuwa wakinitazama mimi, walikuwa wakitazama pembeni yangu, huku na huku, wanatafuta. Nikageuka nimwambie mtoto asalimie. Mkono wangu ulikuwa kwenye majani, na majani yalikuwa baridi. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa, nikataka kusema tena, megafoni ikaanguka, na kitu cha mwisho nakumbuka ni sauti ya muzee Balume, sasa naisikia vizuri kabisa: “Ni mazuku! Bamutoshe!”

Mazuku mnayajua, upepo mbaya, ile gesi inayotoka kwenye mawe ya volkano ikajaa mashimoni, haina rangi, ukisimama kichwa kiko juu yake, ukiinama au ukiketi umeingia ndani yake. Mimi ni mtoto wa Birere, kwetu kinachotishia mtu ni moto zisizo na breki, mazuku nilikuwa nayasikia tu kwa wengine. Wale watu waliyajua. Kitambaa chekundu walikichomeka wao, kuambia wapita njia hapa pana kifo.

Wanaume wawili walibana pumzi wakaingia mbio, kila mmoja akashika mguu wa suruali, wakavuta kwa nguvu zote. Suruali ikatoka, mimi nikabaki. Ikabidi watoke, wavute hewa, warudi tena kunichukua mimi mwenyewe, wakaniburuza juu ya mawe mgongo chini na kalesoni yenye tundu, mbele ya akina mama, wazee na wapiga kura wangu wote, na Justin, Mungu amsamehe, kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe. Kufika jioni picha ilikuwa Majengo, Birere, hata Himbi kwenye meza za vitambaa vyeupe.

Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye kiti kwa muzee Balume, kile kiti nilichokiruka asubuhi, nimefunikwa kitenge miguuni. Kitenge kilikuwa cha yule mama aliyekaa kwenye mawe. Ndipo nikaambiwa kilio. Robinet, bomba la maji la avenue, ilikuwa imekauka muda mrefu, watoto wakawa wanakwenda kuchota ziwani, wanakatiza pale bondeni, na binti yake Furaha aliinama kufunga kiatu. Walikuwa wametoka kumzika. Waliniita niende nikaseme bungeni lile shimo lifungwe na maji yarudi, kabla halijachukua mwingine. Hayo ndiyo muzee alikuwa anaomba kusema kidogo.

Mama Furaha alingoja mpaka watu wakapungua. Akaniuliza taratibu, macho hayaniangalii.

“Honorable, ule mutoto uliona. Alikuambia kitu?”

Mimi ni mwanasiasa, uongo mzuri ninao wa kila aina, na pale nilitafuta mmoja nikaukosa. Nikaogopa. Nikamwambia kweli: “Hapana, mama. Alisogea tu, akanipisha fasi.”

Akatikisa kichwa polepole. “Njo vile nilimufundisha. Mukubwa akifika, mutoto anamupisha fasi.” Akakunja ncha ya kitenge miguuni pangu, nisione baridi. Nililia, na hilo halikupigwa picha.

Daktari alinieleza baadaye kwamba ubongo ukikosa hewa unaona mambo, na mimi sibishani na daktari. Justin anaapa hakukuwa na mtoto. Iko picha nyingine aliyoipiga kabla ya ile ya aibu, hajampa mtu yeyote ila mimi: niko chini, nimeinama upande, mkono hewani, na kati yangu na mbuzi pana nafasi ya mtu mdogo.

Bunge lilipofunguliwa nikaomba neno. Walianza kucheka kabla sijasimama, mmoja akauliza kwa sauti kama leo nimefunga mkanda. Nikatoa ile fimbo na kitambaa chekundu (muzee alinikopesha), na chama cha yule wa bidoni wakapiga makofi wakidhani nimehamia kwao. Nikaeleza yote, robinet, shimo, Furaha, na suruali sikuiruka. Tukaahidiwa kamisheni ya kuchunguza, na mpaka leo kamisheni iko njiani. Ukuta wa kuzunguka lile shimo tuliujenga wenyewe, asubuhi za upepo, gesi ikiwa imepeperushwa, kwa mawe yaleyale meusi, nami nilibeba yangu mpaka mikono ikachubuka. Robinet inatoa maji siku inapotaka.

Tangu hapo siketi mahali ambapo wenyeji hawajaketi, na mzee akiinua mkono, nanyamaza hata kama niko katikati ya neno. Nikienda Keshero napita kwanza kwa muzee, nakaa kwenye kiti, kisha tunakwenda na Mama Furaha mpaka ukutani, tunasimama juu kwenye mawe pamoja na watu. Bondeni sitashuka tena. Ile nafasi niliyopishwa nimemrudishia mwenyewe.