Mashine ya Mpunga Niliyokatazwa Kuigusa

Mimi nimejijenga mwenyewe, na sioni haya kulisema. Shule niliiacha darasa la nne. Nikaanza kwa kuziba matairi ya pikipiki pale inapoanzia barabara ya kwenda Kabambare, nimekaa juu ya jiwe, sina hata kivuli. Leo ukipita Kasongo ukaona mlango wa chuma unaofunguka bila kulia, usiulize aliutengeneza nani. Kule Kabambare wana madirisha yangu. Wamaza pikipiki zinabeba magunia juu ya vyuma nilivyochomelea mimi, na barabara ile mnaijua, chuma cha mtu mwingine hakifiki. Mafundi wengine wapo, ndiyo. Watu huwaendea nikiwa nimesafiri.

Basi mtu kama mimi alikuwa na mtoto wa kike, wa kwanza, aliyebeba jina la mama yangu, ndiyo maana nilimwita mama tangu anatambaa. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao hospitalini wanauita SS. Mvua za baridi zikija, mifupa yake ilikuwa inawaka moto. Nilimbeba mgongoni kumpeleka shule ya msingi, na wenzake wakamcheka, naye akawaambia: “Ninyi mnatembea kwa miguu, mimi niko na pikipiki yangu.” Alifika mbali. Akaingia chuo cha ufundi hapa mjini, mwanamke peke yake katika kundi lake, na mimi nikawatangazia watu wote wa soko, hata wasioniuliza.

Kule chuoni wana utaratibu wao. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanagawanywa kwa timu, na kila timu ibuni chombo kimoja cha kuwafaa watu: wakichore, wakitengeneze, wakitetee mbele ya profesa. Kila timu inapewa mwanafunzi mwenzao wa mwaka wa mbele awe mlezi wao. Mlezi hapewi pointi hata moja. Hachori wala hashiki chuma. Kazi yake ni kukaa nao na kuwauliza, na mwaka ule mtoto wangu akapewa kazi hiyo.

“Kuuliza tu?” nikamwambia. “Mama, hiyo nayo ni kazi?”

“Ni kazi ngumu kuliko yako, baba.”

Nikacheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Timu yake ilikuwa vijana wanne, na msemaji wao mmoja mrefu kutoka Wamaza. Walitaka kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga bila mafuta. Magurudumu mawili yanavikwa mpira wa tairi, mpunga unapita katikati, ganda linabanduka. Walikuja kufanyia kazi kwenye atelie yangu, karakana iliyo hapa uani, kwa kuwa hapa kuna jenereta na kuna mimi. Siku ya kwanza tu niliona wanavyoshika fimbo ya kuchomelea kama wanashika nyoka. Nikaivuta mkononi mwa yule mrefu nimwonyeshe kazi ya mwanaume.

“Baba,” mtoto akasema kutoka kwenye benchi lake. “Mikono nyuma.”

Alikuwa amekaa hivyo yeye mwenyewe, mikono nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana. Ndivyo walezi wanavyofundishwa, kwamba mikono ikikaa mbele itaingilia. Vijana waliangalia chini wasinicheke. Nikarudisha fimbo. Katika atelie yangu mwenyewe, jamani.

Mashine yao ya kwanza ilikuwa na kiti cha baiskeli na pedali. Unapanda, unakanyaga, magurudumu yanazunguka. Nilipenda kile kitu. Mtoto wangu alikizunguka, akauliza swali lake moja alilokuwa akiuliza kila siku: “Nani atakaa hapa?”

“Mama yeyote mwenye mpunga,” akajibu yule mrefu.

“Haya. Tumpelekee.”

Wakaifunga juu ya pikipiki mpaka Lusangi, kwa shangazi yangu anayelima mpunga, na mimi nikaenda nyuma yao. Shangazi aliitazama mashine, akatazama kikwembe alichojifunga, akatazama kile kiti kilichosimama juu kama kichwa cha mbuzi.

“Bana yangu, watoto wangu,” akasema, “munataka nifungue miguu namna hii mbele ya wakwe zangu? Na hiyo baiskeli inanipeleka wapi?”

Wanawake waliokuwa wanatwanga pale walishika mbavu. Mmoja akasema labda mashine ni ya mume wake, akae yeye akoboe, wao wapumzike. Vijana waliifunga tena mashine juu ya pikipiki, wakarudi.

Nyumbani nikamshika mtoto. “Wewe ni mwanamke. Ulijua toka mwanzo.”

“Nilijua.”

“Na ukanyamaza, wakahangaika bure?”

“Ningewaambia, baba, wangejua hili moja tu. Sasa kila watakachotengeneza watatazama kwanza ni nani atakaa.”

Sikukubali. Mimi nikiona kosa nalisema palepale, ndivyo nilivyofika nilipofika. Lakini wiki ile niliwakuta wale vijana wamepiga magoti mbele ya cherehani ya mke wangu, wanatazama miguu yake inavyokanyaga. Mwenyewe amekaa kwenye kiti cha chini, kikwembe kimetulia, gurudumu linakwenda. Hakuna aliyewatuma. Wakaanza kuchora kikanyagio kama kile cha cherehani. Mtoto wangu alisimama mlangoni, mikono nyuma, na uso wake siku ile ninao mpaka leo.

Mvua zilikuja mapema. Maumivu yalimkamata akiwa chuoni, vijana wake wakambeba mpaka hospitali. Nilipofika alikuwa anapumua kwa shida, akaniuliza kama kikanyagio kimeshachomelewa. Nikasema bado. Nikasema nitakichomelea mimi usiku huohuo, kitakuwa kizuri kuliko cha kiwandani.

Akatingisha kichwa. “Mikono nyuma, baba.”

Walimwekea damu. Kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata alikuwa ametutoka, na jioni tukamzika. Mimi ambaye nimewatengenezea watu wa mji huu kila kitu cha chuma, sikuwa na cha kumtengenezea. Sisi hatuziki na chuma. Sanda tu, na mbao, na udongo.

Matanga kwetu ni kitu kizito. Watu wanalala uani, hakuna kazi, hakuna redio, na chuma hakilii nyumba ya msiba mpaka hitima isomwe. Katikati ya matanga wale vijana walikuja, wakaketi mwisho wa mkeka. Mwishowe yule mrefu akasogea kwangu.

“Baba, utusamehe. Profesa mgeni amefika na pikipiki kutoka Kindu. Anasikiliza timu kesho asubuhi, halafu anarudi. Tumeomba atungoje, hawezi. Kikanyagio hakijashikana na mashine.”

Kaka yangu mkubwa, aliyesimamia matanga, alimsikia. “Munataka kupiga chuma hapa? Leo? Watu watasema huyu mtu hata mtoto wake hakumlilia.”

Na alisema kweli, wangesema. Jina langu katika mji huu nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Nikautazama mlango wa atelie. Kama timu ile ingeanguka, kazi yake yote ya mwaka ingekuwa chuma kibovu nyuma ya nyumba, na mimi nisingekuwa na kitu chake kingine kilichosimama.

Mke wangu alikuwa ndani na wanawake. Sijui nani alimpelekea habari. Alitoka, kichwa kimefungwa, sauti imekauka kwa kulia. “Baba watoto,” akasema, “fungulia bana kazi yao.”

Nikatoa ufunguo.

Jenereta iliponguruma, uani watu wote waligeuka. Vijana waliingia, na mimi nikaingia nyuma yao. Yule mrefu alikamata fimbo. Machozi yalimwagika ndani ya kinyago, mstari wa chuma ukaenda kama njia ya mlevi. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kumnyang’anya. Dakika moja tu ingenitosha, ungekuwa mstari ulionyooka. Nikapeleka mikono nyuma, nikashika vidole vyangu kwa nguvu, nikasimama hivyo mpaka wakazima.

Kesho yake walirudi mkekani. Wamepita, si kwa pointi kubwa, punje nyingi zilivunjika. Profesa alikaa mwenyewe, akakanyaga, akauliza kwa nini kiti kiko chini hivi. Wakamweleza habari ya Lusangi. Akauliza ni nani aliyewaambia wabadilishe.

“Tukasema hakuna aliyetuambia,” yule mrefu akanisimulia.

Nikainuka mkekani. “Hakuna? Mbele ya profesa, mtoto wangu bado hajapoa kaburini, wewe unasema hakuna?”

Alilia palepale mbele ya wazee. “Baba, si ndivyo alivyotaka tuweze kusema?”

Nikamvuta aketi karibu yangu.

Mashine iko Lusangi, kwa shangazi. Mimi hupita huko, nikiwa na kazi na nisipokuwa nayo. Wateja wanaouona ule mstari uliopinda huniuliza kama ni kazi ya mkono wangu, na wengine hucheka, wakidhani wamenipata. Ningeweza kuusaga na kuuchomelea upya asubuhi moja. Nawaambia hapana, pale sikugusa. Halafu nawaeleza aliyenikataza alikuwa nani, na siachi mpaka wamesikiliza yote.