Mikono Yote Miwili

Mwaka niliohamia Thamesmead, jirani yangu Mkongo aliniambia kwamba Woolwich kuna tamasha dogo la nyuzi za kufumia, kuingia bure na chai ipo. Nikamwambia vya bure ni ghali, lakini nikenda. Lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, na mimi ni Muislamu, basi nikakaa karibu na mlango nikisubiri mahubiri yaanze. Hayakuanza. Watu walikuwa wanashika sufu, wanaipapasa, wanaiweka shavuni, wanairudisha mezani, na wauzaji wanacheka tu. Kwetu Unguja ungeshaulizwa unanunua au hununui.

Bibi mmoja wa Kizungu akanijia na kuniomba nimshikie uzi. Kumbe alitaka mikono yote miwili. Akanivisha mikononi duara kubwa la sufu ya kijani, akaketi mbele yangu, akawa anavuta uzi na kuuviringisha kuwa donge. Mkoba wangu, wenye pasipoti na funguo za nyumba, ilibidi niuweke chini. Nikasema moyoni, hivi ndivyo watu wanavyoibiwa, umefungwa mikono na huku unachekewa. Kila alipovuta, mimi nilichungulia miguuni nione nani anausogelea.

Katika kuchungulia huko nikauona mkoba wa yule bibi. Ulikuwa sakafuni, karibu na wangu, na mkanda wake kauzungushia kwenye kifundo cha mguu, kaukaza barabara.

Roho ikanitulia. Nikamwambia avute polepole, sina haraka.