Mtihani Wangu wa Leba

Siku yangu ya kwanza leba nikiwa mwanafunzi wa digrii, sista msimamizi alinitazama toka kofia mpaka viatu. "Si wewe ni mkunga tayari?" Nikaitikia. "Na bado unasomea ukunga? Haya, karibu." Akacheka. Miaka hiyo ya tisini, digrii ya kazi yetu ilikuwa kitu kigeni huku Konoin. Watu walisema nimeacha mshahara nikafuate joho.

Hospitali yenyewe ilikuwa katikati ya majani chai. Tulisikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kile kijitarumbeta cha mbao, na kuchora mwendo wa uchungu kwenye chati. Niliipenda hiyo kazi, sifichi.

Mtihani wa mwisho, Mhadhiri Mkuu alitoka Nairobi kuja kuniona nikizalisha. Mama alikuwa mchuma chai, Chebet, mimba ya kwanza. Mtoto wa kike akatoka mlegevu, kimya. Nikamkausha, nikamtoa makamasi, nikashika ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa.

Mara gogo, yaani nyanya yake Chebet, akaingia na ugoro. Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa wamama wazee humnusisha ugoro wakiita majina ya waliotangulia. Jina likitajwa akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi.

"Toa huyu mama nje," Mhadhiri akasema.

"Gogo, ugoro hapana," nikamwambia. "Lakini ita. Ita haraka!"

"Sista, umenisikia?"

Nilimsikia. Nikaendelea kubana ambu, gogo akiita karibu na sikio langu. Alipofika kwa jina la Taprandich, mtoto akapiga chafya ndogo. "Ndiye!" gogo akapaza sauti, na Chebet akalia kwa furaha. Tulikaa naye kidogo tu. Maskini, alizimika mikononi mwangu.

"Hata ungemtoa huyo nyanya, mtoto hangepona," Mhadhiri aliniambia kwenye korido, bila ukali. "Lakini chumba kilikuwa chako na hukukiongoza. Siwezi kukupitisha."

Nikarudia mwaka mzima. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikawapigia makofi nikiwa nimeketi na wageni. Uchungu ule haujaisha, na sitawadanganya kwamba umeisha. Baadaye nilihitimu, nikatumwa Fort Ternan, halafu Kaplong, nikastaafu nikiwa sista mkuu.

Juzi nilikutana na Chebet kwenye kituo cha kupimia majani, mvi kichwa kizima. Nikamuuliza Mungu amembariki na watoto wangapi.

"Watano, sista," akasema. "Wanne wako nyumbani. Wa kwanza ni Taprandich."