Mzee Anayesema Mwisho

Wavinya alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa upande wa Kanyangi, na kama walimu wengi wa somo hilo, alikuwa na riwaya moja aliyoijua kuliko alivyozijua Zaburi. Ni riwaya ya zamani, ya kijiji kimoja kinachoandamwa na ukame, na kiongozi wa kijiji hicho ni mzee anayeitwa Sengule. Ungemwamsha Wavinya usingizini ukamwambia, "Jadili busara ya Mzee Sengule," angekupa hoja na mifano kabla hajafungua macho vizuri. Sengule husikiliza kuliko anavyosema. Sengule hapandishi sauti. Sengule husema mwisho, na akishasema hakuna wa kuongeza neno.

Mfano unaotolewa na kila mwanafunzi ni ule wa kisima. Koo mbili zinagombea kisima kilichochimbwa na marehemu mume wa Nyamizi, mjane asiye na mtoto. Mikuki imeshatolewa. Sengule anasikiliza kutwa nzima, kisha anatoa uamuzi kwamba kisima kiwe cha kijiji chote, na Nyamizi ahamie ng'ambo ya mlima waliko ndugu zake. Vita vinaisha, watu wanashangilia, sura inafungwa. Nyamizi hatajwi tena mpaka kitabu kinakwisha, na mtahini hajawahi kuuliza alikwenda wapi.

Wavinya mwenyewe, alipokuwa kidato cha nne, aliandika insha juu ya Sengule, ikawa nzuri kiasi kwamba alitakiwa aisome siku ya wazazi. Alisema humo kwamba kiongozi wa kweli hukubali nyumba moja ilale njaa ili kijiji kisiungue. Kwa msichana wa umri ule, maneno makubwa ni kama viatu vya kuazima, humpendeza hata vikimbana. Watu walipiga makofi. Aliyepiga zaidi ni mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Mbithi, na baadaye Wavinya alimfuata akamwambia kwa haya, "Mzee, nilipokuwa nikiandika, nilikuwa nakuona wewe." Mzee alicheka akamwekea mkono kichwani.

Wala hakuwa amemsifu bure. Mbithi alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa ukoo, mtu ambaye akipita njiani hata walevi hushusha sauti. Ndiye aliyezungumza na mwalimu mkuu Wavinya asifukuzwe karo ilipochelewa. Ndiye aliyempeleka chuoni siku ya kwanza, amebeba sanduku begani kama baba. Na Wavinya baba hakuwa naye, si kwa maana watu wanayoidhani.

Mama yake, Kalunde, alikuwa iweto. Aliolewa na mwanamke, bibi mmoja tasa aliyefiwa na mume, jina lake Muthoki, ili amzalie watoto wa kuliendeleza boma. Ni desturi ya Wakamba tangu zamani na haina aibu yoyote, ila Muthoki alikuwa mama wa kanisa, tena wa kiti cha mbele, na kanisa lake halikutaka hata kuisikia. Mtoto mwenyewe akazaliwa mmoja tu, Wavinya. Alimwita Muthoki susu, yaani nyanya, na Kalunde akamwita mwaitu, mama yangu. Katika boma lile kulikuwa na wanawake watatu, mbuzi, na shamba la ndengu linaloteremka mpaka mtoni.

Susu Muthoki aliishi sana, na mwisho wake ulikuwa mrefu. Miaka ile ya kitandani Kalunde ndiye aliyemlisha, aliyemgeuza, aliyemwosha, na ndiye aliyekuwa amemshika alipokata roho. Hata maiti haijatoka mochari, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Muthoki, Kyule, mfanyabiashara wa mifugo wa huko Ikutha, alikuwa ameshaonekana akipima mpaka wa shamba kwa hatua.

Hoja ya Kyule ilikuwa moja, nayo ilikuwa nzito. Kwa Wakamba, ndoa ni mbuzi wa ntheo. Unaweza kumlipia mwanamke mahari ya ng'ombe wengi na kumfungia harusi ya keki, lakini kama mbuzi wa ntheo hawakupelekwa kwao, huyo ni mgeni aliyekaa sana. Watoto wake ni wa kwa baba wa mwanamke, wala hawarithi boma. Mbuzi hao hupelekwa na wazee wa ukoo mchana kweupe, watu waone. Muthoki, kwa kuliogopa kanisa, aliwapeleka kimyakimya alfajiri kupitia mtoni, bila mzee hata mmoja. Aliyemsaidia kuwaswaga alikuwa kijana jirani aliyemwamini, na kijana huyo aliitwa Mbithi.

Wote waliowapokea mbuzi hao walikuwa wameshakufa. Kalunde aliona kwa macho yake, kwani mbuzi walipofikishwa nyumbani kwa babake, ndiye aliyempelekea Mbithi uji. Lakini neno la mwanamke juu ya ntheo yake mwenyewe halihesabiwi.

"Mwaitu, usiogope," Wavinya alimwambia mamake. "Mzee Mbithi yuko."

Siku ya mazishi Mbithi mwenyewe alimvuta kando. "Mwalimu, hiyo maneno niachie mimi," alisema, na Wavinya akalala usingizi wa mtoto.

Ukoo ulikaa baada ya mazishi, chini ya lile hema la kukodi ambalo mwenyewe alikuwa bado hajalichukua. Kalunde aliketi chini na wanawake, amefunga leso ya kilio kiunoni. Kyule alisimama akavua kofia.

"Mimi sina ubaya na mama Wavinya," alisema. "Amemwangalia mama mkubwa vizuri, Mungu ambariki. Mimi nauliza tu ntheo. Kama kuna mtu hapa aliona hizo mbuzi, asimame aseme, nami nitarudi Ikutha leo."

Wazee wakasema, mmoja baada ya mwingine, huyu akivuta huku na yule kule. Wavinya hakuwasikiliza sana. Alikuwa akimtazama Mbithi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa juu ya bakora, akisikiliza. Alijua atasema mwisho. Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo tulivyofundishwa sote, na Wavinya alikuwa akilifundisha kwa mshahara.

Mbithi akasimama. Hakupandisha sauti.

"Watu wangu, nimesikia kila mtu. Kyule ameuliza vizuri, na huyu mama hajakosea mtu yeyote. Mambo ya zamani ni kama maji ya kwa mchanga wa mto. Ukichota juujuu unakunywa. Ukichimba sana unapata matope. Mimi siwezi sema niliona, na siwezi sema sikuona. Miaka imeenda." Akahamishia bakora mkono wa pili. "Ninachojua ni kwamba hatutaki ukoo uvunjike. Shamba lirudi kwa ukoo, Kyule aliangalie. Mama avune ndengu yake kwanza. Achukue mbuzi zake, achukue mabati ya nyumba. Hatumfukuzi. Tunamsindikiza. Ako na mtoto mwalimu, hatalala nje."

Watu waliguna kwa kuridhika, wale wa Kyule na hata waliokuwa wakimtetea Kalunde, maana kila mmoja alikuwa ameambiwa kitu kitamu. Halafu, kwa kuwa desturi inamtaka aliyehukumiwa awashukuru wazee, Kalunde aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Asanteni, wazee wangu. Asante, Mzee Mbithi." Wavinya aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alitaka kusimama aseme. Akabaki ameketi.

Hakukata tamaa mara moja. Rafiki yake mmoja aliyesomea sheria alimwambia kwamba mahakama zinaijua ndoa ya iweto, ila zitataka shahidi wa ntheo. Basi akaenda kwa Mbithi Jumamosi moja, akamkuta uani akipaka grisi mnyororo wa baiskeli. Mzee alimletea kiti yeye mwenyewe.

"Mzee," Wavinya alisema, "kweli mbuzi umewasahau?"

Mbithi aliendelea kupaka. Kuna watu ambao wangedanganya hapo. Yeye hakudanganya, na labda hilo ndilo lililomuumiza Wavinya kuliko yote.

"Mbuzi nakumbuka, mwanangu. Mmoja alikuwa na sikio limekatika. Alitusumbua njia yote, tukavuka mto nimembeba."

"Basi mbona hukusema?"

"Ningesema, kesho yake kanisa lingejua mzee wao alipeleka mbuzi ya iweto akanyamaza miaka hii yote. Wangegawanyika. Na Kyule na nduguze wangejitenga, ukoo uwe vipande viwili. Wewe unajua watu wetu. Wangeanza kukataliana makaburi." Alijipangusa mikono kwa kitambaa. "Sasa angalia. Wote wametulia. Jumapili iliyopita wamekaa benchi moja."

"Na mamangu?"

"Mama yako nimemlilia, usidhani sijamlilia. Lakini ni nyumba moja. Wewe si ndiye ulisema? Ile siku ya wazazi. Nyumba moja ikubali kulala njaa ndio kijiji kisiungue. Mimi sikusoma sana, lakini hiyo maneno niliishika, na nimeitumia mara nyingi nikiwa na kesi ngumu."

"Hiyo ilikuwa ya kitabu, Mzee."

"Na ukaniambia huyo wa kitabu ni mimi."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kwa upole uleule aliomwekea nao mkono kichwani. Wavinya alimwomba afike mahakamani siku moja tu, aseme lile la mbuzi mwenye sikio lililokatika, basi. Mbithi alitikisa kichwa. Alieleza kwamba alikuwa ameshasema mbele ya watu, na mzee hamezi alichotema. Kisha akamwombea, na Wavinya, kwa mazoea, akafumba macho.

Jumatatu alirudi darasani. Kipindi kilikuwa cha Sengule. Msichana wa dawati la mbele alijibu vizuri, akataja kisima na amani iliyorudi kijijini. Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa kisima, na Wavinya akazitoa zote. Alitaka kumuuliza yule mtoto Nyamizi alienda kulala wapi usiku ule. Lakini mtihani wa taifa ulikuwa karibu, na swali hilo halimpi mtu alama. Akafuta ubao, akatoka nje, akakaa nyuma ya maktaba mpaka kengele ikalia.

Ndengu zikakomaa. Mwaka ule, kama kwa kumkomoa mtu, mavuno yalikuwa mazuri. Kalunde alivuna polepole, akapiga, akapepeta, akafagia uwanja wa kupuria hata pale pasipohitaji kufagiwa. Fundi aliteremsha mabati. Wavinya alikuja na pikapu ya kukodi, wakapakia magunia, mbuzi, vyungu, na kile kitanda cha susu. Mbithi alifika kuwaaga, akashika upande wa kitanda akasaidia kukipandisha, mzee wa watu, huku akihema. Aliwaombea safari. Kalunde aliitikia amina ya kutoka moyoni.

Hapo ndipo Wavinya aliposhindwa kujizuia. Gari lilipofika njia panda, dereva akateremka kukaza kamba, naye akamgeukia mamake. Alikuwa ameificha habari ile tangu ile Jumamosi kwa kumhurumia, na sasa akaitoa yote.

"Mwaitu, Mzee Mbithi anakumbuka. Aliniambia mwenyewe. Anakumbuka mbuzi, na mto, na kila kitu. Alikataa tu kusema."

Kalunde alimtazama kwa muda, kama anayetazama mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

"Usiseme hivyo, Wavinya. Mzee Mbithi si mtu wa kudanganya."

"Lakini wewe uliona. Wewe ndiye ulimpelekea uji."

Mama alikuwa ameshika ufagio wake mapajani, ule wa uwanja wa kupuria, na vidole vyake vilikuwa vikichomoa vijiti kimoja kimoja bila yeye kujua. Wavinya akangoja akasirike. Alikuwa tayari kumgeuza dereva, kwenda kwa wakili, kusimama kanisani Jumapili mbele ya kiti cha Mbithi, lolote, alimradi mamake aseme neno moja la hasira.

"Nilikuwa msichana mdogo," Kalunde alisema hatimaye. "Na ilikuwa alfajiri, hakujapambazuka vizuri. Labda yule kijana wa uji alikuwa mwingine. Mimi ndiye nimesahau, mwanangu. Kama kungekuwa na ntheo, Mzee Mbithi angesema."

Akaomba maji ya kunywa, akamwambia dereva waende.