Kamba za Nekesa

Harufu ya kitambaa kibichi kikipigwa pasi ya makaa hunirudisha mtaani Kianda, miaka ya tisini, kwenye kibanda cha baba cha ushonaji. Baba alikuwa fundi wa kizamani: alimpima mteja huku akitaja namba kwa sauti, na mkataji alitakiwa kuzishika kichwani. Kuandika, alisema, ni kazi ya makarani. Dada yangu Nekesa, mwenye miaka kumi na saba, ndiye aliyekata, na alikata vizuri mpaka mwaka ule alipoanza kusikia akiitwa na watu wasiokuwepo. Aliniuliza polepole kama nami nimesikia. Namba nazo zikaanza kumponyoka. Mama Salome wa kwaya alishonewa gauni lenye kipimo cha kiuno mahali pa kifua, likamkwama mabegani mbele ya wateja, nami nikacheka, jambo ninaloonea aibu hadi leo.

Majirani walisema amerogwa. Baba akaamua kumrudisha kijijini kwa nyanya, na Nekesa, aliyependa makasi kuliko chakula, alilia siku mbili. Mama alitupeleka zahanati kwanza. Muuguzi alimuuliza maswali mengi, akamwonyesha picha, kisha akasema, "Huyu si wazimu, mama. Lakini tukimwacha hivi anaweza kuwa mgonjwa kabisa. Ukimwambia vitu mingi kwa mdomo zinampotea, lakini kitu akishaishika kwa mkono, haimtoki. Mkuwe mnamleta kila mwezi."

Nekesa alilisikia hilo la mkono. Kwaya ilikuwa imeagiza magauni kumi na mawili ya Pasaka, na baba alimwambia, "Hizi ndizo za mwisho. Ukiharibu, unaenda." Nekesa akampima kila mama kwa kamba yake, akifunga mafundo pale kila kipimo kilipoishia: fundo moja begani, mawili kifuani, matatu kiunoni, kisha akazitundika ukutani kila moja na msumari wake.

"Hiyo ni kazi ama ni mtego ya panya?" baba akauliza.

Jumapili ya Pasaka magauni yote yalikaa sawasawa, na Mama Salome akacheza hadi madhabahuni. Nilijivuna kana kwamba nimeshona mimi. Habari ya kijijini haikutajwa tena.

Leo Nekesa ana duka lake Kawangware. Zile sauti humjia akichoka sana. Anazijua, anapumzika, anaenda kliniki. Baba amezeeka. Mwezi uliopita alikuja kushonewa suti, akataja namba ya kifua chake mara tatu, kila mara tofauti. Nekesa hakumsahihisha. Alishusha kamba ukutani, akasema, "Simama wima, baba."