Dakika Arobaini

Ofisi nzima ilimwita Dada Arobaini, na si kwa sababu ya umri, maana huo aliuficha hata kwenye fomu za bima. Kwa miaka kumi na moja alikalia dirisha la maulizo katika kiwanja cha ndege chenye njia moja ya kurukia na viti kumi na vinane vya plastiki, na kila simu ikilia aliimba wimbo uleule: "Umbali kilomita mia mbili na kumi, muda wa safari dakika arobaini, karibu sana." Aliyethubutu kutaja basi alijibiwa kwa sauti ya kumpa pole.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini nani alimuuliza?

Mwisho wa hizo kilomita aliishi mama yake, mwenye mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa akija mjini kwa binti siku moja tu kila miezi minne, akiona wagonjwa mpaka saa kumi jioni na kufunga begi. Mama alitaka kupanda basi lake la alfajiri, kama kawaida yake, saa sita mchana awe ameshafika.

"Mama, masaa sita ya kutikiswa ya nini?" binti alicheka. "Ndege ni ya saa tatu. Dakika arobaini tu, utafika chai haijapoa."

Mama, ambaye hakupenda kubishana na watu wa ofisini, akakubali.

Siku yenyewe ndege ikachelewa kwa sababu za kiutendaji. Kwa lugha ya watu, kampuni ilikuwa na ndege moja, na mkubwa fulani alikuwa ameiazima kwenda kukata utepe. Angeirudisha akishashiba. Ikapiga saa tano, ikapiga saa saba, na simu ya mama haipatikani. Dada Arobaini alijituliza kwa njia pekee aliyoijua, yaani kuwajibu wengine.

Saa tisa na nusu simu ya maulizo ililia.

"Umbali kilomita mia mbili na kumi, muda wa safari dakika arobaini, karibu sana."

"Ni mimi, mwanangu. Simu yangu imeisha chaji. Huyu mama wa dirishani huku kanipigia namba yenu, anasema nyie ndio mnaojua." Mama alikohoa. "Hizo dakika arobaini zinaanza saa ngapi?"

Miaka kumi na moja ya maulizo, na hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Dada Arobaini alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti chake cha kuzunguka.

Ndege ilitua saa kumi na moja na robo. Rubani alitangaza kwa fahari kwamba upepo ulikuwa mzuri, wametumia dakika thelathini na nane. Daktari alikuwa ameshaondoka, tena kwa basi.

Mama alishuka ngazi akitafuta kila kidato kwa ncha ya kiatu. Binti alimshika mkono, machozi yakimlengalenga, akingoja kutukanwa. Heri angetukanwa.

"Hukunidanganya, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Hata arobaini hazikufika. Sasa nielekeze, mlango uko wapi?"