Kulazwa kwa Meneja

Shangazi yangu alichoma watu sindano kwa miaka thelathini na mmoja. Zahanati ilikuwa na wauguzi wanne, lakini mtaa ulimjua mmoja tu, na ulimwita Sindano mbele yake na nyuma yake. Mtoto akigoma kula, mama yake alisema, "Haya, namwita Sindano," na sahani ikabaki nyeupe. Mimi ni mtoto wa kaka yake, tumbo moja, na undugu huo haukunisaidia kitu. Nilipokaza makalio nilipigwa kofi kwanza, nikachomwa baadaye.

Alistaafu mwaka uleule ambao ndoa yangu ilivunjika, nikahamia kwake na begi moja na kisu changu cha kukatia vioo. Mimi ni fundi vioo: madirisha, kabati, meza za maofisini. Tuliishi vizuri, kwa maana kwamba tulikerana kwa zamu na hakuna aliyepitisha zamu yake. Kisha mpangaji wa nyumba ya nyuma akahama, akaacha mbwa.

Alikuwa mbwa mdogo, mwili mrefu, miguu mifupi, utadhani aliungwa kwa vipande vya mbwa wawili. Tulimwita Meneja kwa sababu alikaa mlangoni kutwa nzima akitazama wengine wakifanya kazi. Shangazi, ambaye hakuwahi kumbembeleza binadamu yeyote nikaona, alikuwa akimchambulia kuku wa kuchemsha, nyama huku, mifupa kule. Mimi nilikuwa nachambua wangu mwenyewe. Niseme ukweli, niliona wivu, wivu wa mtu mzima wa miaka thelathini na sita kumwonea mbwa.

Jumamosi moja asubuhi Meneja aliruka kutoka kwenye kiti, kiti kilekile alichokuwa akirukia kila siku. Alilia mara moja, kwa sauti kali, akanyamaza. Alipojaribu kutembea, miguu ya mbele ilikwenda na ya nyuma ikaburutwa sakafuni kama soksi zilizolowa. Alikwenda hivyo mpaka miguuni kwa shangazi, akageuka kuitazama ile miguu yake kama ya mtu mwingine.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwenye miwani na sauti ya mafua. Alituambia kwamba kati ya pingili za mgongo kuna kitu kama kifuko kidogo, kimechomoka mahali pake na kinaubana uti. Operesheni yake hapa hakuna wa kuifanya. Iliyobaki ni dawa, kumlaza tuli ndani ya kreti ya mbao, na kusubiri. Kisha akachukua koleo dogo la chuma, akakibana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukajivuta. Mimi nikafurahi.

"Usishangilie, kaka," alisema. "Mguu unaweza kujivuta wenyewe, kichwa hakina habari. Mimi nataka kichwa kijue; kikijua, kuna tumaini la kutembea tena. Alie, ageuke, ang'ate. Siku akimng'ata mtu, nipigieni simu hata kama niko bafuni."

Alitupa koleo kama lile, jipya, ndani ya karatasi iliyofungwa kwa gundi, akamwambia shangazi ajaribu kila asubuhi. "Baada ya wiki mbili mrudisheni. Ikiwa kichwa bado hakijui, mama, itabidi tumlaze."

Nilisikia *tumlaze*, nikaona wodi. Nikaona shuka, dripu, na mtu mwingine akiamka kumgeuza. Nikasema moyoni, afadhali. Shangazi, aliyelaza wagonjwa maisha yake yote, alisikia kile daktari alichosema hasa: sindano moja, ya mwisho. Njia nzima ya kurudi alimkumbatia Meneja kifuani, uso umekunjika, na mimi nikadhani ni goti lake bovu linalomuuma.

Nyumba ikageuka wodi bila kuomba ruhusa yangu. Kreti iliwekwa sebuleni, ndani yake godoro la sponji lililofunikwa nailoni na shuka juu. Kila baada ya saa nne alipaswa kugeuzwa ubavu asichubuke. Kutembezwa ni kwa taulo, unalipitisha chini ya tumbo na kuinua nyuma yake. Na kwa kuwa kibofu nacho kilikuwa kimelala, mkojo ulipaswa kukamuliwa kwa mikono.

"Viganja viwili, huku na huku," shangazi alinifundisha. "Unabana polepole kuelekea mkiani. Polepole! Kibofu si chungwa."

Mimi hunyanyua vioo vya futi sita peke yangu. Lakini nilipokishika kile kitumbo cha moto, jasho lilinitoka. Siku ya tatu mkojo ulitoka vizuri, ukanilowesha suruali, na nilijisikia kama nimefaulu mtihani. Habari zikafika mtaani. Fundi saa, jirani wa mlango wa pili, alinisubiri barazani.

"Fundi, nasikia siku hizi unakamua mbwa."

"Nakamua."

"Maziwa yake unauzaje?"

Nilicheka, maana ningefanya nini. Shangazi hakucheka. Alikuwa amepungua, kanga inamzunguka mara mbili. Kila asubuhi alijifungia sebuleni na Meneja kufanya lile jaribio, na mimi nikisimama nje na kikombe cha chai. "Usiingie," aliniambia siku ya kwanza. "Akikuona atadhani wewe ndiye unayemuumiza." Akitoka nilimuuliza, "Vipi?" Alijibu, "Bado." Siku nyingine, "Leo ni kama kastuka." Mimi nikaenda kazini na hilo *ni kama*, nikalibeba kutwa.

Siku ya tisa, Jumatatu, alikuwa amechoka mpaka akatia chumvi kwenye chai. Nikamwonea huruma, nikafungua mdomo.

"Shangazi, kwani si wamlaze tu? Apumzike yeye, nawe upumzike."

Alikiweka kikombe mezani. "Rudia."

Nikarudia, mjinga mimi, tena kwa utaratibu, nikaongeza kwamba wenye kazi yao watamtunza vizuri kuliko sisi.

Aliniangalia, uso ukabadilika kutoka hasira kwenda kitu kingine. "Hukuelewa," alisema. "Wewe ulidhani watamtandikia kitanda. Kumlaza ni kumuua, baba. Wanamchoma sindano, anasinzia, haamki."

Nilimtazama Meneja ndani ya kreti. Alikuwa ameweka kidevu juu ya ubao, anatukagua kama kawaida yake, macho yakienda kwangu na kurudi kwa shangazi, kwa sababu tulikuwa tumepaza sauti. Zilikuwa zimebaki siku tano. Siku hiyo kazini nilivunja vioo viwili, kimoja kikiwa cha mteja aliyesimama palepale.

Jioni shangazi alipokwenda kuoga niliamua kujaribu mwenyewe. Nilitafuta koleo kwenye kopo la dawa, sikuliona. Nililikuta kwenye droo ya vijiko, chini kabisa. Lilikuwa ndani ya karatasi yake. Gundi ilikuwa nzima pande zote nne.

Nilimngojea pale mezani, karatasi mbele yangu. Alitoka bafuni na taulo kichwani, akaiona, akakaa.

"Hujambana hata mara moja," nilisema.

"Hata mara moja."

"Kila asubuhi unajifungia unafanya nini?"

"Nakaa naye."

Hasira ilinipanda kwa kasi. Siku tisa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi naenda kazini na *ni kama* zake! Nikamtupia methali, tena yeye ndiye aliyekuwa akiwatupia wagonjwa wake: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Lilipofika lile neno la kifo nilitamani kulirudisha mdomoni.

"Najua," alisema. "Unadhani sijui? Lakini nikimbana asilie, nimeshajua. Nisipombana, bado kuna kesho." Alivua taulo, akalikunja vizuri kama la zahanati. "Nimeliza watoto wa watu miaka yote ile, na usiku nililala usingizi wangu. Nilijua ninawapa kitu. Huyu nampa nini? Naogopa, baba. Sijawahi kuogopa hivi, hata nilipomuuguza baba yako."

Nilifungua karatasi, nikapiga magoti kwenye kreti, nikashika mguu wa kushoto na kubana kidole. Mguu ukajivuta.

"Kavuta! Shangazi, kavuta!"

"Kichwa kilikuwa kinatazama wapi?"

Meneja alikuwa akilamba mkono wangu mwingine.

"Huo ni mguu," shangazi alisema, akageukia ukuta.

Jumanne ikawa vilevile. Jumatano ilikuwa hivyohivyo, na Alhamisi. Sasa mimi ndiye niliyebana na yeye ndiye aliyesimama nje ya mlango, na mimi ndiye niliyetoka na kusema "Bado". Nilielewa kwa nini alidanganya, maana neno lile linakwangua koo. Nilianza kumpendekezea Meneja mapatano ya kijinga. Nilimwambia, "Ning'ate tu, siku moja tu, sitasema kitu." Ijumaa nilimchambulia kuku mimi, nikampa nyama yote. Alikula kwa furaha, sehemu ya mbele ikicheza na sehemu ya nyuma imelala.

Jumamosi shangazi alivaa sare yake ya zamani, nyeupe, iliyokuwa imempwaya mabegani. Nilibeba kreti, naye akabeba taulo, tukatembea mpaka kwa daktari.

Meza ilikuwa ya chuma, imetandikwa mkeka wa mpira. Meneja alilazwa ubavu, nami nikashika mabega yake. Shangazi alisimama upande wa kichwa, amemshika masikio, macho yake hayakuondoka kwa daktari, uso na mikono. Daktari akabana kidole cha kushoto. Mguu ukajivuta, kichwa kimya. Akabana cha kulia. Kichwa kimya. Alirudia tena kushoto, akaliweka koleo kwenye sinia, akavua miwani na kuifuta kwa koti lake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nasikitika, mama," alisema. "Wiki mbili ni muda wa kutosha." Alifungua kabati, akatoa kichupa. "Kama unaona vigumu, unaweza kungoja nje. Kaka atabaki naye."

Mabega ya Meneja yalikuwa ya moto chini ya viganja vyangu, na moyo wake mdogo ulikuwa unakwenda mbio, na nikawaza kwamba baada ya dakika tano nitakuwa nimeshika kitu ambacho hakiendi mbio. Nilitaka kusema ngoja.

"Umebana mpaka wapi?" shangazi akauliza.

"Mama?"

"Kidole. Umebana mpaka wapi?"

"Kiasi cha kutosha, mama."

"Umebana ngozi. Mfupa hujaufikia. Nimeuona mkono wako, mwanangu, umeishia njiani."

Daktari alisimama na kichupa chake mkononi. Masikio yalimwiva. "Ulikuwa unanitazama," alisema taratibu. "Nilishindwa."

"Na huyu mtoto wa kaka yangu siku zote amebana hivyohivyo. Mimi sikubana kabisa. Tunamwonea huruma mbwa wa watu mpaka tunamuua." Alinyoosha mkono. "Lete. Na usinionee huruma mimi. Mgonjwa ni huyu."

Alipewa koleo. Chuma kiligongagonga kwenye ukingo wa meza. Alisubiri kitulie. Alivuta pumzi, akaushika mguu wa kushoto, akachagua kidole cha katikati, na akabana kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mguu ukajivuta. Kichwa kikabaki pale pale, kimya. Shangazi hakulegeza. Nilihesabu moja, nikahesabu mbili, nikafumba macho.

Meneja akapiga yowe. Alijikunja chini ya mikono yangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akageuza nusu yake nzima ya mbele, na kuyakita meno kwenye nyama iliyo chini ya dole gumba la shangazi. Shangazi hakuutoa mkono. Aliuacha mdomoni mwa mbwa, akahamisha koleo kwenye mguu wa kulia kwa mkono mwingine.

"Na huu," alisema, akabana.

Meneja alilia tena, kwa sauti ya juu zaidi, meno yakiwa bado kwenye mkono. Damu ilidondoka kwenye mkeka na kwenye ile sare nyeupe. Daktari alikirudisha kichupa kabatini, akakosea rafu, akakirudisha tena, huku machozi yanamtoka bila kuyafuta. Shangazi akaliachia koleo, likaanguka kwenye sinia. Alikuwa akitabasamu kwa mdomo wote, sijawahi kumwona hivyo, na anarudia, "Kimejua. Kimejua, baba, kimejua."

Meneja aliuachia mkono, akaendelea kulia. Alilia kwa muda mrefu, na chumba kizima hakuna aliyemnyamazisha.